Mkunga wa Njia ya Buger

Kijiwe chetu kilikuwa barazani kwa Haji muuza kahawa, pale Karatu mjini ambapo njia ya Buger inachepuka kutoka barabara kuu ya kwenda Ngorongoro. Mimi nilikuwa na cherehani yangu pembeni ya benchi, nikishona kanzu na kaptula za shule, kwa hiyo niliyasikia mengi kuliko niliyoyasema. Watu wa benchi walikuwa watatu. Zaidi, mtu wa Kondoa, dereva wa lori la mahindi, tuliyemwita Honi kwa sababu alipiga honi hata akipita makaburini. Josephati, fundi baiskeli, tuliyemwita Viraka. Na Kakuta, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Endulen, aliyekuja kila penye mnada na kukaa mpaka mifugo yake iishe; huyu hatukumpa jina la utani, alikuwa na macho ya kukuzuia usijaribu. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Magari ya watalii wa kreta yalikuwa yameanza kuongezeka, na baiskeli nazo ziliongezeka, maana mkulima akivuna vizuri alinunua baiskeli kabla hajafikiria kitanda. Barabara ilibaki ileile moja, nyembamba, ya udongo mwekundu. Ndiyo maana ubishi wa kijiwe haukuwa na mwisho: nani ampishe nani.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya kiangazi, vumbi tupu. Zaidi alifika alasiri na lori limejaa magunia, akaliegesha chini ya mkaratusi, akajifuta uso, akapewa kikombe. Alikuwa na furaha. Akaanza kumchokoza Josephati, akisema watu wake wa baiskeli ni kama kuku, ukiwapigia honi wanatawanyika kila upande. Akasema hata leo, kwenye kona ile ya juu ya korongo, amekutana na mmoja, amempigia honi, na yule akaruka pembeni mpaka akapotea ndani ya vumbi.

Haji alicheka. Josephati hakucheka, akauliza ni nani huyo.

— Nitajuaje? — Zaidi alisema. — Vumbi lile mtu hata mkono wake hauoni.

Wakaendelea na mambo mengine. Kahawa iliongezwa. Kakuta alikuwa anaeleza habari za fahali aliyekataa kupanda mlima, na hakuna aliyekuwa na haraka yoyote.

Kabla hajamaliza tuliona watu wanakuja na njia ya Buger, wanaume wanne wamebeba machela ya miti na blanketi, na nyuma yao mwanamke anakokota baiskeli iliyopinda gurudumu la mbele. Josephati aliitambua ile baiskeli kabla hatujamtambua mtu. Ilikuwa ya Eunike, mkunga wa zahanati.

Sijui kama kulikuwa na mtu Karatu asiyemjua Eunike. Alikuwa binti wa Kimasai wa Loliondo, wamisheni walimsomesha ukunga, na alipoletwa hapa aliona kwamba akina mama wenye uchungu hawawezi kuletwa kwake, basi akajifunza baiskeli ili awafuate yeye. Mwanzoni watu walisema maneno, mwanamke kukaa juu ya chuma. Maneno yaliisha kadiri watoto walivyozidi kuzaliwa salama. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshonea sketi yake pana ya kupandia, na mfuko wa turubai wa kubebea vifaa vyake.

Wale wabebaji walikuwa wakulima waliokuwa shambani chini ya barabara. Walieleza kwamba waliona lori linashuka kwa kasi, wakasikia honi, kisha vumbi lilipotulia wakaona ukingo wa barabara umemeguka na mtu yuko chini ya korongo. Mguu wake ulikuwa umevunjika juu ya goti. Walipoyasema hayo hawakumtazama Zaidi. Hawakujua kwamba ni yeye. Lakini sisi tulijua, na lori lilikuwa palepale.

Zaidi aliweka kikombe chini, akaenda mpaka kwenye machela. Eunike alikuwa na fahamu zake, uso umejaa vumbi na machozi yamechora njia mbili mashavuni. Hakumwuliza lolote kuhusu lori. Alisema neno moja tu, na alilirudia kwa kila aliyemsogelea:

— Kuna mama Buger ananingoja. Mtoto amekaa vibaya. Mpelekeeni mtu.

Mganga wa zahanati alikuja mbio, akautazama mguu, akasema hapa haiwezekani, lazima apelekwe hospitali ya misheni, na lazima sasa hivi. Gari lilikuwa moja. Watu wakabishana kidogo, gari liende hospitali au liende Buger, na Eunike mwenyewe akasema liende Buger. Lakini damu ilikuwa inatoka, na mganga akakataa. Mwishowe Josephati alileta baiskeli yake, akampakia mganga nyuma kwenye keria, wakaondoka na njia ileile. Wengine wakashusha magunia, wakayabakiza machache ya kumlaza Eunike, na Zaidi akawasha lori. Haji alipanda naye kumshikilia mgonjwa. Baadaye alitwambia kwamba Zaidi aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, na kila alipoona baiskeli alisimama kabisa, hata ikiwa mbali. Njia nzima hakugusa honi.

Mguu uliungwa. Eunike alilazwa muda mrefu. Lakini kule Buger, Josephati na mganga walifika jua linazama, wakawakuta wanawake wa jirani wamekaa nje kimya. Mama alikuwa hai. Mtoto, wa kiume, alikuwa amefungwa kwenye kitambaa, uso nao umefunikwa.

Josephati alirudi akatueleza, kisha akakaa kazini kwake akifungua na kufunga nati moja bila sababu.

Siku zilizofuata kijiwe hakikuwa na mazungumzo mengine. Polisi walikuja, wakapima ile kona, wakamhoji Zaidi, wakasema lori halikumgusa mtu na honi ilipigwa kama inavyotakiwa. Wakaondoka. Kwa hiyo kesi ikabaki benchini, na benchini ilikuwa kali kuliko mahakamani.

Zaidi alishika neno la polisi. Alisema amefanya alivyofundishwa: ukiona mtu, piga honi. Sauti yake haikuwa ya ubishi kama zamani, ilikuwa kama anaomba mmoja wetu amkubalie. Josephati alimjibu kwamba honi si amri ya mtu kutumbukia korongoni, na kwamba lori lina breki kwa sababu aliyelitengeneza alijua kuna watu duniani. Haji, ambaye hakupenda ugomvi barazani kwake, alipendekeza baiskeli zipite asubuhi na magari mchana. Josephati akauliza kama akina mama wa Buger nao watapangiwa saa za kuzaa. Haji akapendekeza kila lori litanguliwe na mtu mwenye kitambaa chekundu. Zaidi akasema basi lori litafika Arusha mahindi yameota. Josephati naye, kwa hasira, alitaka kila dereva apande baiskeli mwaka mzima kabla hajapewa leseni, na mwingine apewe lori ampite kwa kasi huku akimpigia honi, ili ajue. Ikafika mahali wakaanza kuzungumzia kuchimba barabara ya pili mlimani, ya baiskeli peke yake, na wakagombana ipite upande gani wa shamba la nani.

Kakuta alikuwa amenyamaza tangu siku ile. Eunike alikuwa Mmasai mwenzake, mtoto wa kwao. Jioni hiyo ya barabara ya pili ndipo aliposema.

— Ng'ombe wangu wakikutana na mbuzi wa mtu kwenye njia nyembamba, mimi ndiye ninayesimama. Si kwa sababu nimekosea njia. Ni kwa sababu wangu ni wakubwa.

Zaidi alimwambia lori si ng'ombe, lori lina safari. Kakuta akasema naye ana safari. Ubishi ukaendelea bila yeye.

Wakati huo alikuwa amesimama mtu pembeni ya baraza, kijana mrefu, koti limechakaa mabegani, miguu imejaa vumbi la kutembea. Sote tulidhani ni mteja. Haji akamkaribisha kahawa. Akashukuru, akakaa kwenye ncha ya benchi, akashika kikombe bila kunywa. Alisalimia wazee kwa heshima, akasema anaitwa Lohay, anatoka Buger, na amekuja kumwulizia mama mkunga hali yake, maana amesikia bado amelazwa.

Hapo Josephati aliinamisha kichwa. Alikuwa anamjua. Ni nyumbani kwa kijana huyu alikofika na mganga siku ile.

Lohay alieleza taratibu, kama mtu anayejisimulia mwenyewe. Alisema ndiye aliyekuja kumwita mkunga kwa ajili ya mkewe, kwa miguu. Mkunga alikuwa na mgonjwa mwingine, akamwambia atangulie, atampita njiani kwa baiskeli. Basi akatembea, na kila baada ya kitambo aligeuka nyuma kutazama kama anakuja. Lori lilimpita yeye kwanza, likitokea kwao. Alisikia honi akaingia kwenye majani mapema, kwa hiyo hakuumia. Aliendelea kutembea na kugeuka nyuma mpaka alipofika kwake.

Kisha akamtazama Zaidi. Sijui nani alimwonyesha. Labda hakuonyeshwa, labda aliona tu yupi kati yetu ameacha kupumua.

— Ni wewe, kaka?

— Ni mimi — Zaidi alisema.

— Sikuja kugombana. Polisi wameshasema yao. Nilitaka kukuuliza tu. Siku ile ulikuwa unawahi nini?

Nimewahi kusikia maswali mengi pale barazani, ya siasa, ya dini, ya wake za watu, na hakuna lililowahi kukosa mtu wa kulijibu. Hilo lilikaa. Haji alishika birika na asimmiminie mtu. Wote tulijua magunia yale hayakuwa na safari mpaka kesho yake. Tulijua Zaidi alipotoka kwenye ile kona alikuja moja kwa moja hapa, akakaa, akafurahi pamoja nasi mpaka machela ilipofika. Zaidi alitikisa kichwa.

Lohay alingoja kwa adabu, kama mtu anayengoja mzee amalize kukohoa. Alipoona hakuna jibu alirudisha kikombe kwa Haji, akashukuru, akasema giza litamkuta njiani. Zaidi akasimama ghafla, akasema atampeleka kwa lori.

— Hapana, kaka. Nitatembea.

Akaenda. Zaidi hakukaa tena. Alimfuata kwa mbali, kwa miguu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitembea hata kwenda msikitini. Alirudi karibu alfajiri, na hakumweleza yeyote kama walisemezana. Baadaye nilisikia kutoka kwa watu wa Buger kwamba walifika pamoja, kwamba Zaidi alisimama mlangoni akamwomba yule mama msamaha, na yule mama akamwambia akae, akampa maji ya kunywa, wala hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe.

Baada ya hapo Zaidi alipotea kijiweni mpaka mvua zikaanza. Lori tuliliona likipita polepole, na watu wa baiskeli wakaanza kusema kwamba lile la mahindi ukikutana nalo linasimama. Madereva wenzake walimcheka. Mmoja alimwuliza kama amegeuka kuwa bibi harusi. Siku aliporudi benchini, Josephati alisogea, akampa nafasi.

Eunike alitoka hospitali mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Wamisheni walimwambia afanye kazi ndani ya zahanati tu. Alikaa hivyo miezi michache, kisha akaja kwa Josephati akauliza kama baiskeli yake imenyooka. Ilikuwa imenyooka zamani, Josephati alikuwa ameinyoosha wiki ileile ya ajali na kuifunika kwa gunia. Asubuhi ya kwanza ya kurudi Buger, Josephati alimfuata nyuma kwa baiskeli yake, akijifanya ana shughuli zake huko. Yeye ndiye aliyetusimulia.

Walipokaribia ile kona ya korongo, lori la Zaidi lilikuwa linashuka, limejaa. Zaidi aliwaona mapema. Akalisogeza upande wa mlima mpaka matawi yakakwaruza turubai, akasimama, akazima injini. Kukawa kimya, ndege tu. Eunike naye akasimama, ameshika breki, mguu mfupi unatafuta ardhi. Walikuwa hawajaonana tangu siku ya machela.

— Shikamoo, mama — Zaidi alisema kutoka dirishani. Alikuwa amemzidi umri, lakini ndivyo alivyosema.

Eunike alitazama ukingo ule uliokwisha kujazwa mawe mapya.

— Mbona umezima gari?

— Nakungoja upite.

Josephati anasema alimwona akivuta pumzi, akaweka mguu mzima kwenye pedali. Baiskeli ikayumba. Akashuka tena.

— Basi geuza uso, Bwana Zaidi — alisema. — Ukinitazama hivyo nitaanguka.

Zaidi akageuza uso, akatazama mlima. Eunike akapanda, akapita ubavuni mwa lori taratibu, karibu kiasi cha kuligusa, akaendelea na njia ya Buger. Josephati naye akapita. Walipofika mbali kule juu Josephati alisimama kidogo kutazama nyuma. Lori lilikuwa bado limesimama, na Zaidi bado ametazama mlimani.