Jenerali na Kreti Nne za Katito

Kijiwe chetu kiko Nyamasaria, Kisumu, kando ya barabara ya Nairobi, mbele ya meza ya kahawa ya Debra. Ukitaka kutupata, fuata kelele. Tunakalia ubao mrefu ambao mwenye kibanda wa zamani aliuacha umelazwa juu ya kreti nne za soda, chupa zikiwa ndani, na Debra akaufunika kwa gunia hadi chini ili misumari isile suruali zetu. Miaka sita sasa. Mathenge, muuza spea za magari, ndiye Jenerali, kwa sababu aliwahi kupeleka mkate kambi ya jeshi. Wakhisi, fundi wa baiskeli, ndiye Profesa, kwa sababu husoma kila gazeti lililofungiwa mandazi. Absalom tunamwita Nahodha, ingawa maji ya ziwa yakimfika magotini anaanza kuomba. Mimi ni Spika, kazi yangu ni kuomba utulivu na kunyimwa.

Jumamosi hiyo Jenerali alikuja na hoja tayari mdomoni.

JENERALI: Wacheni niwaambie kitu. Vita si bunduki. Vita ni lojistiki.

NAHODHA: Hiyo ni ugonjwa gani tena, omera, ndugu yangu?

JENERALI: Ni vitu kufika. Mkate ufike, mafuta yafike, viatu vifike. Siku moja lori yangu iliharibika Awasi, mkate ukafika saa nane. Wakubwa wenye nyota kwa mabega walikuwa wanazunguka jikoni wakiniuliza kwa upole, "Mathenge, ndugu yetu, ulipotelea wapi?" Adui angekuja siku hiyo na mandazi, tungempatia nchi.

PROFESA: Ndio maana wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

JENERALI: Lakini hapo haraka ndio ilikuwa inatakikana, Profesa.

PROFESA: Basi chema chajiuza.

NAHODHA: Kama chema chajiuza, mbuta wa ufuo wa Dunga angepanda basi mwenyewe akashuke Nairobi. Hata biashara ni kufika. Samaki bila barafu akifika Nakuru ashakuwa kesi.

PROFESA: Hapo nakubali. Haba na haba hujaza kibaba.

Sikuona kibaba kimeingiaje hapo, lakini Profesa akishasema methali huwa anafunga macho, na mtu aliyefunga macho huwezi kumuuliza kitu.

NAHODHA: Shida yetu Kisumu ni kutegemea barabara. Tuko na ziwa, tuko na viboko. Kiboko anajua njia zote na hajawahi kuuliza dizeli. Unamfunga kamba, unampakia mchele wa Ahero, anakushushia Kendu Bay.

MIMI: Nani atamfunga kamba?

NAHODHA: Hiyo itaundiwa kamati.

JENERALI: Nipeni viboko arobaini tu. Nitateka bandari zote za hili ziwa bila risasi. Nawapelekea watu chakula kwa wakati mpaka waone aibu kupigana na mimi.

Ndipo Metrine akavuka barabara mbio, aproni kiunoni, jasho usoni. Metrine hupika chapati na maharagwe upande wa pili, na siku hiyo alikuwa amepata kazi kubwa ya kwanza maishani mwake, harusi ya watu mia mbili kule Katito. Chakula kilishapakiwa kwenye pikapu. Kilichobaki ni soda, na depo haikupi kreti iliyojaa mpaka urudishe kreti na chupa zake tupu. Alihitaji kreti tisa. Alikuwa amezunguka kutoka Otonglo hadi Mamboleo akiazima, akapata tano.

METRINE: Wazee, mulembe. Hakuna mtu anajua mahali naweza pata kreti nne tupu? Depo inafunga saa sita, na sasa ni tano na nusu.

JENERALI: Mama, umefika kwa wenyewe. Kwanza niambie, umegawa jeshi lako mara ngapi?

METRINE: Sina jeshi, baba. Niko na Waswa na pikapu.

PROFESA: Metrine, mwenye macho haambiwi tazama. Angalia vizuri tu, utaziona.

Alisema hivyo akipiga gunia kwa kiganja kutilia mkazo, na chupa zikalia kidogo chini yetu. Hakuna aliyetia maanani, mimi nikiwemo.

NAHODHA: Ama watu wa bwana harusi wapewe soda, wa bibi harusi waambiwe leo wamefunga.

METRINE: Wakwe wakikosa soda, Katito hawataniita tena hata kuchemsha chai. Miaka nane nauza chapati moja moja, nikingoja hii siku.

Debra akamshika mkono, nasi tukaona aibu, maana tunampenda Metrine na chapati zake zimetulea. Jenerali akachovya kidole kwenye kahawa na kuanza kuchora ramani mezani. Hapa Otonglo, hapa depo, hapa Katito, na mshale mkubwa wa kuzingira ambao haukujulikana unamzingira nani.

Waswa, dereva wa pikapu, alikuwa amengoja mpaka akachoka. Alikuja, akasimama mbele yetu, akainama kutazama gunia lilipopasuka. Hajawahi kunywa kahawa nasi hata siku moja.

WASWA: Samahani, wazee. Hiyo mmekalia ni nini?

Jenerali aliangalia ramani yake. Profesa alifumbua mdomo kutafuta methali, asiipate. Nahodha alikunywa kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kitupu. Debra ndiye alianza kucheka, akacheka mpaka akaweka birika chini, halafu Metrine naye akacheka huku machozi yakimtoka, na sisi tukasimama wote pamoja kama watu waliopigiwa wimbo wa taifa.

Tulihesabu chupa tukipakia. Zilikuwa tisini na tano, moja pungufu. Ya tisini na sita ilikuwa mezani kwa Debra, imejaa tangawizi ya kahawa; akaimwaga sufuriani. Jenerali aliruka nyuma ya pikapu kushikilia kreti zisianguke, na ilipobaki dakika nne saa sita ifike, walikuwa getini kwa depo. Jenerali hakushuka huko. Alienda na soda mpaka Katito.

Jioni Metrine alimpigia Debra simu. Kwa nyuma tulisikia ngoma, na juu ya ngoma sauti ya Jenerali akiwaeleza wakwe maana ya lojistiki. Kila mgeni amekunywa, Metrine alisema, na watu wawili wameshamuomba awapikie mwezi ujao. Nilifurahi kana kwamba harusi ni ya binti yangu.

Jumatatu kreti zilirudi chini ya ubao, na tangu hapo Metrine huzichukua kila akipata sherehe. Kwa hivyo ukipita Nyamasaria Jumamosi moja ukatukuta tumesimama na vikombe mkononi, usidhani tunangoja gari. Tuko kazini.