Maisha ya Bi Mkubwa, Mpimaji wa Maji na Msomaji wa Makala

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1990, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi bomba na mshonaji. Mama yake alikuwa na miaka kumi na tisa na hata kumshika mtoto alifundishwa na mkunga. Mtoto hakulia sana. Alikodoa macho akiwakagua watu mmoja mmoja, na baba yake akasema, "Huyu si mtoto, huyu ni bi mkubwa." Jina likamganda mpaka kazini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1997. Akiwa darasa la nne alifua sketi nyeusi mpya pamoja na shuka jeupe la mama yake, na sketi ikachuja. Mama alipofika uani alikuta shuka lina miviringo: zambarau katikati, buluu ikiizunguka, na ukingoni wekundu hafifu. Alikwisha kuvua kandambili. Mtoto hakukimbia. Aliuliza, "Mama, weusi wenyewe umekwenda wapi?" Kandambili ikarudi mguuni, maana swali lile halikuwa na wa kulijibu pale nyumbani.

Jibu alilipata chuo kikuu, alikosomea kemia kuanzia mwaka 2010, mwaka aliofariki baba yake, hadi 2013. Huko alijifunza kromatografia, elimu ya kutenganisha vilivyochanganyika. Alimweleza mama yake kwamba ukivisukuma vitu pamoja na maji kupita mahali pembamba, kila kimoja hushika mwendo wake mpaka vinaachana. Mama alielewa hivi: ni kama watu waliotoka sokoni pamoja, mwenye mzigo hubaki nyuma peke yake.

Machi 2014 aliajiriwa katika maabara ya kupima maji, chumba cha mwisho ushorobani, penye mashine inayovuma kutwa. Alitafuta mabaki ya dawa za mashambani na za hospitali katika maji ya bomba. Jioni alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alikusanya makala za wanasayansi kuhusu utenganishaji wa kemikali, zilizochapishwa kwa miaka thelathini, akazigawa makundi: wametumia njia gani, wamepima nini, wameandika wangapi. Alitaka kujua utafiti unaelekea wapi, ili maabara yenye vyombo vya kale ijue ishike kipi na iache kipi.

"Na umeona nini humo?" mama yake alimuuliza siku moja.

"Njia ya kutenganisha kwa karatasi inafifia. Zamani wengi walitafuta njia mpya, siku hizi wengi wanatafuta uchafu: kwenye maji, kwenye mboga, kwenye damu. Na waandishi wanazidi kuongezeka. Makala moja, watu wanane, kumi. Anayeandika peke yake amebaki kama jino la kibogoyo."

"Na wewe unaandika na nani?"

"Mimi ndilo jino lenyewe, mama."

Alicheka. Mama yake hakucheka.

Marehemu hakuolewa. Mwaka 2018 mwalimu mmoja wa hesabu alileta posa, ikapokewa, kisha ikaondoka kimyakimya kama paka. Hapakuwa na ugomvi. Mama alipomwambia, "Utazeeka na makaratasi," alijibu, "Makaratasi hayakoromi." Aliishi chumba na sebule, ghorofa ya pili, kikombe kimoja kwenye kichanja cha vyombo, kiti kimoja mezani. Mama yake alimpelekea kiti cha pili. Aliporudi kumtembelea alikikuta kimerundikwa makala.

Oktoba 2023 miguu ilianza kuvimba. Ilikuwa figo. Kuanzia Januari alikwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na alizoea kuwatania wauguzi, "Leo mimi ndiye sampuli." Mwezi huohuo lilikuja jibu la jarida la kisayansi alikopeleka makala aliyoiandika kutokana na kazi yake ya miaka yote ile. Wakaguzi waliisifu, lakini waliweka sharti. Kazi yote ya kugawa makundi ameifanya mtu mmoja, na mtu mmoja hupotoka asijijue. Atafute msomaji wa pili, naye huyo agawe sehemu ya makala zilizokusanywa bila kuona mwenzake aligawaje, kisha walinganishe. La sivyo haitachapishwa.

"Sina mtu," akamwambia mama yake.

"Kazini je?"

"Kazini nina salamu tu."

Mama yake alikuwa akiogopa figo. Tangu siku hiyo akaogopa mawili.

Februari wenzake wa kazini walikuja hospitalini kumjulia hali. Walisimama, wakatoa pole, wakaondoka. Alibaki fundi wa mashine, waliyemwita Pampu kwa sababu mashine ikizimika yeye huendelea kusukuma maneno. Miaka kumi walikuwa wamekaa mgongo kwa mgongo, marehemu akimkwepa. Pampu akachungulia kompyuta iliyokuwa kitandani.

"Hii umeiweka kundi la maji? Umekosea, dada. Hii ni ya chakula."

"Wamepima maji ya kuoshea mboga."

"Na anayekula mboga ni nani, bomba?"

Marehemu, ambaye siku hizo aliinuliwa na watu, akajiinua mwenyewe akakaa. "Soma tena."

"Nimesoma. Soma wewe."

Walibishana mpaka muuguzi akaja kuuliza kulikoni. Ndipo akamweleza habari ya msomaji wa pili, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemzoea.

"Kumbe unatafuta wa kukubishia?" Pampu akasema. "Si ungesema mapema! Mke wangu angenitoa bure."

Sharti lilikuwa wasioneshane. Basi marehemu alisomea ndani, mkono mmoja ukiwa kwenye mirija, Pampu akasomea benchi la ushorobani, na mama akaweka kiti mlangoni kuwalinda wote wawili.

"Mama, amefika wapi huyo?"

"Siruhusiwi kusema."

"Mama, mwanao anakohoa makusudi, anataka kunipoteza!"

"Soma, baba, acha maneno."

Damu ikiisha kusafishwa walilinganisha. Walipokubaliana walipita haraka. Walipotofautiana ndipo chumba kilipochangamka. Jioni mama akimuuliza anajisikiaje, marehemu alijibu, "Leo amenibishia kweli," kama mtu aliyeletewa zawadi.

Tofauti zote walizimaliza isipokuwa ile ya mboga, na marehemu aliandika waziwazi kwamba hapo wasomaji hawakuafikiana. Makala ilirudishwa jaridani tarehe 27 Mei 2024 ikiwa na majina mawili. Pampu alitaka lake litangulie kwa kuwa ni fupi. "Kaa nyuma yangu," marehemu akamwambia, "umeshazoea."

Juni 3 alishikwa na homa, maambukizi yakaingia kwenye damu. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake. Jibu la jarida bado halijaja.

Msibani watu walisema marehemu hakuwahi kumkosea mtu. Pampu alikaa kimya kutwa nzima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Jioni akamsogelea mama.

"Nimeisoma tena ile ya mboga."

"Ukaonaje?"

"Alikosea, mama." Akainamisha kichwa. "Alikosea, na sina wa kumwambia."

Mama akamvutia kiti. "Niambie mimi. Maji ya kuoshea mboga ni maji. Haya, anza."

Marehemu ameacha mama mzazi, mdogo wake wa kiume ambaye ni fundi magari, wifi mmoja, shangazi wawili, na msomaji wa pili, aliyeandikwa hapa pamoja na ndugu kwa kauli moja ya familia.

Apumzike kwa amani, mahali penye watu.