Angeline Karwirwa, Mtunza Chembe za Damu

Mchungaji, wafanyakazi wenza wa marehemu, majirani mliotoka Meru na mliotoka Embu, mimi ni Mwiti, ndugu yake mdogo, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitasoma nikiweza kufika mwisho.

Angeline Karwirwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Nkubu, Meru, mtoto wa tatu wa mzee Muthomi na mama Rwamba, akasoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1989, na kati ya 1991 na 1994 akasomea kazi ya maabara jijini Nairobi.

Mwaka wa 1995 aliajiriwa katika maabara ya hospitali moja mjini Embu, na huko akapata kazi aliyoipenda kuliko chakula, kutenga chembe nyekundu za damu ya watu waliojitolea, kuzichanganya na gliserini ili barafu isizipasue, na kuzigandisha kwenye vichupa vyenye majina, ili siku ambayo mgonjwa atakataana na kila damu ziyeyushwe, zioshwe, zipimwe na maji ya damu yake, ijulikane mwili wake unakataa nini.

Agosti 2003 friza ya maabara ilikufa, naye akabeba vichupa mbio hadi kwa Njura, kijana wa Runyenjes aliyezunguka mashambani akipandisha ng'ombe kwa sindano, akamwambia, "Njura, fungua hiyo mtungi yako ya baridi, kazi yangu ya miaka nane inayeyuka," na vichupa vikakaa humo wiki tatu, kando ya mbegu za fahali zilizogandishwa. Sisi ndugu zake tulicheka tukashika mbavu, mimi kuliko wote, lakini Njura hakucheka, na tarehe 17 Aprili 2004 walifunga ndoa, wakabarikiwa watoto wawili, Nyamu na Joyline.

Novemba 2011 mke wangu Kaari alihitaji upasuaji, damu ilikuwa imemwishia, na kila damu tuliyoleta ilikataana na yake. Angeline aliyeyusha vichupa kumi na vinne, akapima kimoja kimoja, vyote vikashikana mabonge isipokuwa cha Mbaka, mchuuzi wa mbuzi wa Kiritiri, kilichogandishwa mwaka wa 2002, maana yake kilikuwa kimelala katika mtungi ule niliouchekelea. Mbaka alipigiwa simu, akaja na dada yake, damu zao zikakubali, na Kaari akapasuliwa tarehe 19 akiwa na nguvu.

Februari 2024 Angeline aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Embu na Nairobi, na tarehe 6 Mei 2025 akatuacha akiwa nyumbani kwake Runyenjes, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokamua ng'ombe wa Njura muda wote wa ugonjwa, na wenzake wa maabara ambao hawakukosa kumtembelea hata Jumapili moja.

Kuna shukrani moja ambayo kamati ya mazishi haikuiandika kwenye karatasi hii. Kaari alipotoka hospitalini niliona haya kwa ajili ya kile kicheko, nikajiambia nitamshukuru dada yangu Krismasi, na Krismasi zikapita kumi na nne. Karwirwa, Kaari ndiye huyu amenishika mkono nisianguke. Asante, na unisamehe kwa kuchelewa. Pumzika sasa, dada yangu, kwa amani.