Emery Takacs, Mtu Aliyeibandua Kadi Ubaoni

Ijumaa ya tarehe 9 Mei, saa kumi jioni, Emery Takacs atakabidhi funguo zake na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Mafundi Vioo wa Toledo, kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Keki italiwa ukumbi wa chakula. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu tumekaa chumba kimoja miaka kumi na tisa, yeye mkuu wa wasaka vipaji na mimi mtunza ubao, na kwa kuwa jarida hili la wafanyakazi nalihariri mwenyewe. Imeniomba pia niandike kwa furaha. Furaha nitaiweka pale ilipo, na pasipo na furaha mtanivumilia.

Emery ni mtoto wa mashariki ya mto, mtaa wa Wahungaria, na baba yake alikuwa fundi wa tanuri kiwanda cha vioo. Alicheza mpira chuoni mpaka goti likakataa, akafundisha hesabu sekondari, kisha Machi 1992 akaajiriwa hapa kwenda kuwatazama wachezaji wa vile vyuo ambavyo wenzake walikuwa hawataki hata kuvisikia. Gari lake lilinuka kabichi. Mkewe, Piroska, alimfungia majani ya kabichi yaliyoviringishiwa nyama, naye aliyala baridi kwenye maegesho ya viwanja, helmeti zikigongana upande wa pili wa ukuta. Nilipanda gari hilo mara mbili tu, na mara zote mbili nilifua koti.

Alikuwa na macho ya kipekee, ingawa hayo macho nayo yalikuwa na vituko vyake. Mwaka mmoja alitumwa Dakota Kaskazini kumtazama mkimbiaji mmoja. Theluji ikafunika namba za jezi zote, Emery akamsifia kurasa nne mtu asiye yeye. Tulimchukua huyo asiye yeye raundi ya sita ya uteuzi, akatuchezea miaka kumi! Tangu hapo kila aliyekosea kazi ofisini alisema ni theluji.

Sasa nieleze Aprili yetu, maana bila Aprili humjui Emery. Kila mwaka timu zote huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, na iliyofanya vibaya zaidi huanza. Sisi tumeanza mapema mara nyingi, hongera kwetu. Wiki sita kabla ya uteuzi, makocha na wasaka vipaji hujifungia chumba cha ubao na kubishana tunakosa nini. Mimi husimama na kadi zangu za majina na sumaku, nikipandisha na kushusha. Kila kocha huona idara yake ndiyo inayokufa njaa. Dewey Trammell, kocha wetu wa ulinzi, hulia kila mwaka kwa sauti ile ile: "Nyie mnadai ukuta wakati mimi nyumba yangu haina mlango!" Emery aliwahi kumjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye makaratasi: "Dewey, wewe hata upewe malaika kumi na mmoja, utadai wa kumi na mbili." Tulicheka mpaka Dewey naye akacheka.

Emery aliwafundisha wasaka vipaji wake vijana kwamba mchezaji apewe alama kwanza, ndipo mtu aulize tunamhitaji kiasi gani. Ukianza na shida yako, alisema, utaona unachotaka kuona. Chumba kile kina mila pia. Msaka vipaji anayeamini mchezaji kuliko wote hupiga meza kwa kiganja, mara moja tu kwa mwaka, na hapo ubishi umekwisha. Ila aliyepiga meza ndiye anayempigia simu mama wa kijana siku anapochaguliwa. Emery ndiye aliyeileta mila hiyo. Alisema mtu ataogopa kupiga meza ovyo akijua kuna mama wa kuongea naye.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mrushaji wetu aliangushwa mara sitini na moja katika msimu mmoja. Hatukuwa na mlinzi wa kushoto, lile pande la mtu katika kikosi cha mashambulizi, linalomkinga mrushaji mgongoni anapotafuta wa kumrushia. Mji mzima ulijua tunakosa nini. Daktari wangu wa meno alinihutubia habari hizo mikono yake ikiwa kinywani mwangu. Na Emery alikuwa amempata mtu, Corwin Haldane, kijana wa chuo kidogo cha Iowa, mrefu, mpole, mwenye miguu myepesi kama ya mcheza dansi. Mama yake Corwin ameniruhusu nimtaje.

Ukurasa wa tatu wa ripoti, kwa mwandiko wa Emery, ulisema hivi: mara tatu vuli ile, baada ya kugongwa kichwa, kijana alitoka uwanjani akaenda kukaa kwenye benchi la wapinzani, mpaka wakaja kumchukua. Meneja wetu, Carver Nyquist, aliusoma akauliza, "Emery, hii ya ukurasa wa tatu ni nini?" Emery aliutazama ule ukurasa kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. "Kijana alikuwa amechoka tu," akasema, kisha akapiga meza. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nilikuwa nimeshausoma ule ukurasa, maana ripoti zote hupita kwangu. Nilichukua kadi ya Corwin nikaipandisha juu kabisa, wala sikusema neno. Siku ya uteuzi Emery alimpigia simu yule mama mbele yangu, akamwambia, "Tutamtunza, mama."

Corwin alicheza miaka mitano, na alicheza vizuri mno, hilo lazima liandikwe. Mrushaji wetu alirudi nyumbani amesimama. Leo Corwin ana miaka thelathini na mitatu na anaishi kwa mama yake kule Findlay. Haendeshi gari. Ana binti wa miaka minane. Kila binti anapokuja, Corwin humuuliza jina lake, kwa adabu, na binti humjibu. Kila Jumapili ya pili Emery huenda kukaa naye. Hakumwambia mtu kazini. Mimi niliambiwa na Piroska, naye alikuwa analia.

Na mwaka huu, jamani, shimo ni lile lile. Mrushaji ameangushwa mara hamsini na nne, mlinzi wa kushoto hatuna, na zamu yetu ilikuwa ya mapema. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye jina lake sitalitaja, wala chuo chake. Kila mtu chumbani alimtaka, hata Dewey, ambaye hajawahi kumtaka mtu asiye wa ulinzi. Emery alikuwa amemfuatilia miaka miwili, na ripoti yake ilisema amegongwa kichwa mara tatu, kama ile ya Corwin. Ilieleza alivyotapika pembeni, alivyosahau matokeo, alivyomwita kocha wake kwa jina la kocha wa zamani.

Jumanne ya wiki ya uteuzi tulibishana tangu saa tatu asubuhi. Emery alisema kijana huyu asichezeshwe, si na sisi, si na yeyote. Nyquist alisema madaktari walimpima wakamkuta mzima, na kwamba hakuna mchezaji wa mstari wa mbele asiyewahi kugongwa. "Mchagua jembe si mkulima, Emery," akasema. "Tuna shida. Wewe mwenyewe umetuimbia shida hii tangu Oktoba."

Emery akasimama. Akaja mpaka ubaoni, akanisogeza kwa mkono taratibu, akaibandua kadi ya kijana akaitia mfuko wa shati. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyegusa ubao ule ila mimi. Kisha akageuka. "Mwaka ule wa Haldane," alisema, "niliandika kwa mkono wangu nikakana kwa mdomo wangu. Hakuwa amechoka. Nilijua hakuwa amechoka. Tulikuwa na shida, na mimi nilitaka kuwa yule aliyeimaliza."

Dewey alivua kofia. Mmoja wa wasaka vipaji wapya aliangalia simu yake kwa aibu. Nyquist aliniambia, "Marva, funga mlango," na mlango ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

Kadi haikurudi ubaoni. Mambo aliyoyasema Emery mbele ya watu tisa yalikuwa yameshawafikia wanasheria kabla ya chakula cha mchana, na baada ya hapo hakuna kwetu aliyethubutu kumchukua kijana yule. Lakini Emery alikuwa astaafu mwakani, Mei, na karamu yake ilikuwa ishaanza kupangwa. Saa tisa alasiri aliitwa juu kwa wakubwa, na aliposhuka tarehe ilikuwa imesogezwa mwaka mzima. Ndiyo maana keki imekuja mapema. Samahani kwa mliodhani amechoka.

Mkidhani hapo alishinda, hamjui hesabu za kazi yetu. Kumtoa mtu kwenye ubao wetu si kumtoa kwenye mbao za wenzetu, nao ni zaidi ya thelathini. Emery alilijua hilo kuliko yeyote. Jumatano mchana alifanya jambo ambalo sheria za kazi haziruhusu, akampigia simu mama wa kijana. Aliniambia siku ile ile, kabichi yake iko mezani haijaguswa.

Alimweleza yule mama yote, pamoja na habari za Corwin kule Findlay. Alimwambia ameona mara tatu. Yule mama akasema, "Mzee wangu, wewe umeona mara tatu. Mimi nimehesabu tisa. Ya kwanza alikuwa na miaka kumi na mitatu." Emery akamuuliza, sasa inakuwaje? "Nimemwambia aache, nimempigia magoti. Amesema nikimzuia hatanijua tena. Afadhali awe mgonjwa akiwa ananijua." Halafu akamwomba. Alijua wasaka vipaji huongea wao kwa wao. "Usiwaambie wengine, baba. Nakuomba. Ni kesho tu."

Emery akaahidi. Sijui mngefanya nini ninyi. Mimi nilimkasirikia, nikamwambia, "Sasa kelele zote za jana zilikuwa za nini?" Nilijuta papo hapo kwa kusema.

Alhamisi tulimchukua mlinzi mwingine, wa kawaida, na mashabiki wakatuzomea. Kijana alichukuliwa na timu nyingine raundi hiyo hiyo. Emery alikuwa ameketi karibu nami. Kwenye runinga mama alimkumbatia mwanawe akilia, na watangazaji walisema ni machozi ya furaha. "Dada Marva," Emery akaniambia, "nimenyamaza tena." Nilimshika mkono.

Ofisi inataka nitaje mafanikio, basi haya: wachezaji arobaini na mmoja aliowapata yeye waliingia kikosini, sita kati yao wakawa manahodha. Wasaka vipaji kumi na wanne aliwafundisha yeye, na wanne sasa ni wakuu kwenye timu nyingine. Hajawahi kumdharau dereva wala mfagiaji. Mama zetu walipofariki, wangu na wa Dewey, alikuja na sufuria nzima ya zile kabichi.

Nami nina langu la kusema, na Emery atalisoma hapa kama ninyi. Yeye alimwahidi yule mama. Mimi sikumwahidi mtu. Jumatatu nilitoa nakala ya ripoti yake nikaituma kwa daktari wa ile timu iliyomchukua kijana, kwa jina langu na saini yangu, pamoja na zile mara sita nyingine ambazo mama alizihesabu. Najua nimevunja kanuni za ofisi hii, na barua yangu ya kuacha kazi iko juu tangu asubuhi. Najua pia nimemsaliti mwanamke ambaye sijawahi kumwona, na kwamba huenda mwanawe akamlaumu yeye. Miaka kumi na mmoja iliyopita niliupandisha ukurasa wa tatu ubaoni nikiwa nimeusoma. Sikuweza mara ya pili. Nisamehe, Emery, au usinisamehe, lakini usiseme ulikuwa peke yako chumbani mle.

Daktari hajajibu. Mazoezi yao yanaanza wiki ijayo.

Tunakushukuru, Emery, kwa miaka yako yote, na Piroska tunamshukuru kwa kutuazima mume. Mwende salama, mle chakula kikiwa moto, mwamke bila saa. Maisha mema nakutakia kwa moyo wangu wote. Na yule kijana namtakia hayo hayo, ayaishi na ayakumbuke.

Marva Oglesby
Mtunza ubao