Mama Mkwe Alivyokuwa Dhamana Yangu

Jumapili, mwezi wa sita. Ukungu umekataa kuondoka mpaka saa nne, na manyunyu juu yake.

Kamwene, ndugu zangu, Bwana apewe sifa. Nimeandika kwanza, maana nikisimama mbele yenu nachanganya.

Mnanijua, nafuma masweta ya shule hapa Makambako. Mtoto alipolazwa nilikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Marejesho yakanishinda, yule kaka aliyenikopesha akachukua mashine yangu ya kufumia, akasema mwisho wa mwezi anaiuza. Simsemi vibaya. Siku ile hospitali hakuna mwingine aliyenipa, na mashine aliifunika turubai isilowe.

Nikaenda Njombe kuomba mkopo wa riba nafuu. Afisa wa mikopo, dada mpole tu, akaniambia, "Mama, rudi na dhamana."

Ndugu zangu, dhamana niliyoijua mimi ni ya polisi. Nililia njia nzima, nikijiuliza kosa langu ni lipi. Nikamfuata mama mkwe kijijini Mdandu, kwa kuwa ndiye aliyemtoa shemeji yangu mahabusu.

Kesho yake akaketi mbele ya yule dada, blanketi begani. "Mwanangu, dhamana ndiyo mimi. Huyu akikimbia, nifungeni mimi."

Dada akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Bibi, hatufungi mtu. Tunataka mali. Una nini?"

"Nina magoti mabovu na mipaini."

"Mipaini ya nani?"

"Yangu. Marehemu aliniachia, kijiji kizima kinajua."

Kicheko kikaisha. Akaeleza kwamba miti iliyosimama shambani wanaipokea, ila nikishindwa kulipa itauzwa. Akarudia tena. Mama mkwe akamwambia ameelewa tangu mwanzo.

Mkopo ukatoka, na mashine imerudi. Lakini mimi bado sielewi. Ningelijua lile neno nisingemfuata mama, na ile miti nisingethubutu kuiomba. Je, Mungu alitumia ujinga wangu? Na nimefunguliwa kweli, wakati miti ya mjane imesimama badala yangu? Labda nakosea kuuita ushuhuda. Ninachojua, nafuma kila asubuhi na rejesho linakwenda. Asante Yesu. Nawe uliyekwama, mtumaini yeye. Neno usilolijua uliza, ila hata usipouliza hatakuacha.

Jioni, baada ya ibada, tumekula ugali, maharage na majani ya maboga. Mama mkwe akanisogezea sahani yake. "Dhamana yako haijashiba. Iongezee maharage."