Figa la Neli Lililoandikwa Namba

Mgeni rasmi, Dokta Ambrose, mpima mawe wa Serikali; mkalimani wako, karani Hezroni; mchungaji wetu; na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna wali:

KARIBU

Sisi wanawake wafinyanzi wa Ikombe tunakukaribisha kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ulijikaribisha mwenyewe, nyundo mkononi. Keti, bwana. Kigoda hicho ni cha mti, usikigonge.

HISTORIA

Sisi hufinyanga vyungu, waume zetu huvua, na mitumbwi hupeleka vyote sokoni Mwaya. Mwenzetu Neli hakuzaliwa huku ziwani. Ameolewa kutoka chini ya mlima Kiejo, na mama yake alimsindikiza akiwa na jiwe jeusi kichwani, la mlima huohuo, liwe figa lake la tatu. Mama alilitua jikoni, akasema, "Mwanangu, ukipakumbuka nyumbani, pika." Mwaka uliofuata mama akafariki. Neli amekuwa akipika.

MAFANIKIO

Elimu imetufikia. Hezroni alitueleza kwamba ndani ya jiwe imejificha oksijeni, hewa ileile tunayovuta, nayo ni ya namna mbili, nzito na nyepesi. Ukizipima, unajua kama ule uji wa moto uliotapikwa na mlima ulipanda moja kwa moja kutoka tumboni mwa dunia, au ulikaa njiani ukila miamba ya zamani iliyolowa maji, ukabadilika. Tulifurahi sana. Kumbe hata mlima ukichelewa njiani, ulichokula hujulikana! Damari, mama mkwe wa Neli, aliuliza kama kipimo hicho kinafaa kwa wanaume wanaorudi kutoka Mwaya. Bado tunangoja jibu.

SHIDA

Alhamisi iliyopita Neli alikuwa anakandika sakafu ya jiko. Mafiga alikuwa ameyatoa nje, kama afanyavyo kila mwanamke wa hapa siku ya kukandika. Akashuka ziwani kuchota maji. Wewe ukapita. Uliliona jiwe jeusi, ukalimegua pembe, ukalitazama kwa kioo chako, ukacheka kama mtu aliyekutana na shemeji. Hezroni akatafsiri: "Bwana anasema jiwe hili limeona moto mkubwa." Ni kweli, limeona. Moto wa maharage.

Neli aliporudi alikuta mafiga mawili; la tatu limo sandukuni mwako. Alikukimbilia na udongo mikononi. Hezroni akamwambia, "Mama, limeshaandikwa namba. Kilichoandikwa namba ni mali ya Serikali." Tangu siku hiyo tukiona kopo lako la rangi ya kuandikia namba tunaficha mbuzi.

Neli anapikia kwa Damari. Tulimletea jiwe jingine. Alilitazama tu, akasema, "Hilo mama hakulibeba." Inatuuma, bwana, tunasema wazi. Na tumesikia kwamba kesho sanduku lako linapanda meli Mwaya, na huko Ulaya jiwe litasagwa liwe unga ili hewa yake itolewe.

MAOMBI

Ombi ni moja: lirudishe leo. Wewe mwenyewe umetufundisha kwamba jiwe likinywa maji ya kigeni, ushahidi wake huharibika. Hili limekunywa mchuzi. Litakusimulia habari za samaki, na wakubwa zako watauliza huo ni mlima gani.

Hatutakuacha mikono mitupu. Angetile, mume wa Neli, amepanda hadi Kiejo na kukuletea jiwe jipya, jeusi, lililovunjwa mwambani, ambalo halijawahi kuona chungu. Pembe uliyoimegua, baki nayo. Tumekupa.

MWISHO

Mgeni rasmi, mchele umechaguliwa, samaki mbasa amepakwa chumvi, chungu kina maji. Vyote viko jikoni kwa Neli, chini. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Sisi tumejaribu kwa mawili, chungu kikalala ubavu. Sanduku lako liko hapo miguuni pako, na nyundo ya kung'olea misumari unayo. Kuni zimeshawaka. Neli amekaa jikoni. Mafiga mawili ameyapanga, na mahali pa la tatu ameacha wazi.

Mungu akuvushe ziwa salama, wewe na mawe yaliyo yako. Ndaga fijo, asante sana.

Ni sisi,
Wanawake Wafinyanzi wa Ikombe.
Imesomwa na Elizabeth, ambaye naye ana njaa.