Namna Mutiso Alivyoomba

Wapendwa waombolezaji, wazee wa kanisa, majirani wa Waberi, na jamaa mliotoka Mwingi kwa basi la alfajiri, mimi ni Kimanzi, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee historia ya maisha ya ndugu yetu Josphat Mutiso Kimwele, kazi ambayo najua ingemchekesha, kwa maana nyumbani kwetu mimi ndiye niliyepewa mdomo na yeye akapewa masikio, na tangu utotoni nilikuwa nikimjibia hata maswali ambayo hakuulizwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Nguni, akiwa mtoto wa tatu wa wazazi wetu, ambao wote wametutangulia. Alisoma katika shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akabatizwa akiwa darasa la tano, na mwaka 1968 akaenda Machakos kujifunza ufundi wa mitambo, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1970, akarudi nyumbani na kurekebisha kila kitu kilichokuwa na skrubu, pamoja na redio yangu, ambayo haikuwa imeharibika.

Tarehe 5 Februari 1973 aliajiriwa na idara ya maji ya serikali, akapelekwa Wajir, kwenye kisima kimoja kirefu nje ya mji, kazi yake ikiwa kuwasha injini ya dizeli alfajiri, kuilinda siku kutwa wakati ngamia na mbuzi wakinyweshwa, na kuizima saa kumi jioni. Aliniambia kwamba ile injini ilipiga kelele hadi meno yakatikisika, na kwamba siku ya kwanza alipoizima alishindwa kuondoka, akaketi juu ya tofali la saruji kando ya pampu, kwa sababu utulivu ulioingia baada ya kelele ile ulikuwa mkubwa kuliko kanisa lolote alilowahi kuingia, naye akajua kwamba hayuko peke yake. Tangu siku hiyo, kila jioni, aliketi mbele za Mungu bila kusema neno. Wafugaji waliokuwa bado pale na mifugo yao wakampa jina, kama ilivyo desturi yao kumpa kila mtu jina la tabia yake, wakamwita Aamus, yaani Nyamaza, na mzee Dekow, aliyekuwa na ngamia wengi kuliko wenzake, alikuwa akiwakemea vijana wake akisema, “Ngoja, ngoja, huyu fundi nasali, bole bole na hiyo ngamia.”

Tarehe 15 Desemba 1979, huko Mwingi, alifunga ndoa na Loise, huyu aliyeketi hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kyalo, aliyezaliwa mwaka 1981 wakiwa safarini, na Mwende, aliyezaliwa hapa Garissa tarehe 9 Juni 1989, miaka mitano baada ya marehemu kuhamishiwa mitambo ya hapa mtoni na familia kuhamia Waberi.

Hapa Garissa alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa mwaka 1990, na wengi wenu mnakumbuka yaliyofuata, msijifanye mmesahau. Sisi watu wa bara tukikutana ugenini huomba kwa pamoja na kwa sauti, kila mtu na lake, na asiyesikika huhesabiwa kuwa amelala, lakini Mutiso alipopewa zamu ya kufunga ushirika alisimama, akainamisha kichwa, akanyamaza, mkaanza kufumbua jicho moja moja kumchungulia, na baada ya kitambo akasema Amina na kuketi. Alipoulizwa alieleza kwamba mtoto akikaa na baba yake hana haja ya kuzungumza muda wote. Basi mwaka 1994 ushirika, ukiongozwa na mwenyekiti wenu Mwalimu Mwiti, ulifika nyumbani kwake kukemea pepo bubu, mkamwekea mikono, mkakemea hadi sauti zikawakauka, naye alitulia katikati yenu muda wote, na mlipomaliza akasema, “Asanteni sana. Chai iko tayari.”

Ningependa historia hii iendelee kutuchekesha, lakini haiendelei hivyo. Mnaikumbuka mvua ya mwaka 1997, mto ulivyofurika, barabara ya kwenda Mwingi ikakatika, malori yakakwama, na malaria ikaingia nyumba hadi nyumba. Mwende, aliyekuwa na umri wa miaka minane, aliugua kwa siku chache tu. Asubuhi ya Jumanne tarehe 2 Desemba ushirika ulijaa chumbani mwake, kila mtu akiomba kwa nguvu zake zote, na marehemu alikuwa amepiga magoti mwisho wa kitanda, mguu wa mtoto ukiwa katika kiganja chake, kimya. Mwalimu Mwiti alimwomba aongoze, hakujibu. Loise akamlilia, “Baba Kyalo, sema kitu! Muombee mtoto wako!” Hakusema. Mwende alikata roho kabla ya saa sita mchana, na kwa kuwa hakukuwa na njia ya kumfikisha nyumbani, alizikwa kesho yake hapa, katika kaburi hili mnaloliona kushoto kwangu.

Loise ameniruhusu niyaseme haya, tena ameniamuru nisiyalainishe. Hapa hapa, mbele ya watu, alisema kwamba mtoto wake amekufa akiwa na baba asiyeweza kumfumbulia Mungu kinywa, na kutoka siku hiyo alimpikia, akamfulia, lakini hakumwita tena kwa jina lolote. Marehemu aliuacha uzee wa kanisa kabla hajaambiwa auache, hakujitetea kwa mtu yeyote, wala kwangu mimi niliyekuja kumtetea bila kuombwa, na jioni zake aliendelea kuketi nyuma ya nyumba, amegeukia ua wa jirani. Nililia kwa ajili yao wote wawili, kwa sababu niliona nyumba ikiwa na kimya cha aina mbili, na kimoja kilikuwa kinaua.

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 1999 alianza kulalamikia maumivu ya tumbo, na mwezi wa Mei madaktari wa Nairobi wakatueleza kwamba ni saratani na imekwisha kuenea, naye akarudishwa Garissa. Siku moja jirani yao Zeinab, ambaye namwona pale na akina mama wenzake, alileta maziwa, akamwambia Loise, “Mama Kyalo, huyu mzee yako kila jioni nakaa haba nyuma, nashika kandambili ya Mwende. Hata kabla ya kugonjwa. Mimi nilifikiri wewe najua.” Loise hakuwa anajua, kwa kuwa miezi ile yote hakuwahi kukanyaga nyuma ya nyumba saa hiyo.

Jioni hiyo alikwenda, akamkuta na ile kandambili, akamuuliza swali alilokuwa amelibeba mwaka mmoja na nusu, kwamba siku ile alimuomba Mungu nini. Marehemu akamjibu, “Sikuomba kitu. Hasira ilikuwa imenijaa, ningefungua mdomo ningemtukana. Nikaona heri nikae kimya mbele yake na mtoto mkononi, kuliko niseme na niondoke.” Kisha akasema, “Bado nimekaa. Sijaondoka.” Loise aliketi chini kando yake, wakanyamaza pamoja, na walipoinuka alimwambia, “Baba Mwende, twende ndani, baridi inaingia.” Tangu hapo waliketi pamoja kila jioni, mpaka yeye aliposhindwa kuketi.

Ndugu yetu alifariki nyumbani kwake Waberi siku ya Alhamisi tarehe 19 Agosti 1999, saa kumi jioni. Ushirika ulikuwa umefika kumwombea, mkamkuta Loise amepiga magoti mwisho wa kitanda, mguu wa mumewe ukiwa katika kiganja chake, hasemi neno. Mwalimu Mwiti, ambaye asubuhi ya leo ameniambia bado hakubaliani na maombi ya namna hiyo, alivua kofia, akawaashiria wenzake wakae, na mkakaa mpaka mwisho.

Wazee wa ukoo mlionuna kwa sababu hatukumpeleka Nguni, nuneni taratibu, aliomba mwenyewe alazwe kando ya binti yake, na hilo ndilo jambo pekee nililowahi kusikia akiliomba kwa sauti. Ameacha mjane, Loise, mwana mmoja, Kyalo, na sisi ndugu zake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Nairobi na wa hapa Garissa, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji waliochimba kaburi hili kwa mikono yao, Zeinab na majirani wote wa Waberi waliotuletea maziwa na maji bila kuulizia dini, na kanisa, kwa nyimbo zenu na kwa uvumilivu wenu. Loise ana ombi moja, kwamba nikimaliza, mtu yeyote asiombe kwa sauti mpaka yeye mwenyewe atakapoinua kichwa, hata kama atachelewa.

Mutiso, ndugu yangu, nimekusemea maisha yako yote, na leo nimekusemea mara ya mwisho. Pumzika kwa amani. Mimi sasa nanyamaza, nakaa nawe.